New Glenn: imekawia, imefika, lakini nusu

Tathmini hii inahusu safari mbili za kwanza za New Glenn, roketi inayoitwa ya methani na ya kutumika tena, na kwa haki yake haina budi kuanza na kalenda. Blue Origin, kampuni ya Jeff Bezos, iliitangaza roketi hii Septemba 2016 kwa ahadi kwamba ingeruka kabla ya muongo ule kwisha. Ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 16 Januari 2025, kutoka Cape Canaveral, Florida. Ilifika kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, lakini sehemu yake ya chini, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kurudi, ilipotea kwa sababu injini hazikuwaka upya ipasavyo wakati wa kushuka.

Hata hivyo, sehemu hiyo ya chini ndiyo inayostahili sifa. Ina kipenyo cha mita 7 na husukumwa na injini 7 aina ya BE-4, zinazochoma methani kimiminika kwa oksijeni kimiminika. Methani haikuchaguliwa kwa mbwembwe: mafuta ya taa, yanayotumiwa na Falcon 9, roketi ya kampuni pinzani SpaceX, huacha masizi ndani ya injini na kuongeza kazi ya matengenezo kila baada ya safari, ilhali haidrojeni, pamoja na usafi wake, hudai ubaridi wa nyuzi 253 chini ya sifuri na matangi makubwa mno kwa wepesi wake. Methani huchemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, si mbali sana na oksijeni, kwa hiyo matangi ya viwili hivyo yanaweza kukaa jirani bila kinga nzito ya joto kati yake. Kampuni inasema sehemu hiyo imeundwa iruke angalau mara 25.

Katika safari ya pili, tarehe 13 Novemba 2025, sehemu ya chini ya roketi mpya ilirudi salama na kusimama wima juu ya tishari Jacklyn, lenye jina la mama yake Bezos, takribani kilomita 600 ndani ya Atlantiki. Kufaulu hivyo katika jaribio la pili tu ni jambo ambalo hata mpinzani wa kampuni hii atalikubali.

Mteja wa siku hiyo ana hesabu nyingine. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilipata bei nafuu, dola milioni 20 hivi, kupeleka Mirihi vyombo viwili vya uchunguzi vya mradi wa ESCAPADE, ambavyo awali vilipangwa kuondoka Oktoba 2024. Roketi ilipokuwa bado haijawa tayari, majira mazuri ya kuelekea Mirihi, ambayo hujirudia kila baada ya miezi 26 hivi, yakapita. Vyombo vikalazimika kupangiwa njia ya kuzungukazunguka mbali na Dunia hadi Novemba 2026, ndipo vishike safari na kufika mwaka 2027. Unafuu wa bei umelipiwa kwa muda.

Lalamiko langu kubwa ni kwenye sifa inayopewa. Kuiita roketi ya methani inayotumika tena ni kweli kwa sehemu ya chini pekee, kwani sehemu ya juu huendeshwa na injini mbili za haidrojeni na hutupwa kila safari, tofauti na Starship ya SpaceX, inayotumia methani juu na chini na kukusudia kurudisha zote mbili. Naipa alama 7 kati ya 10, na mbili kati ya tatu zilizopungua ni za sehemu hiyo ya juu.