Fundi wa dakti za AC hapa Tanga: nyota nne, ya tano kaipoteza kwenye makochi

Wenye nyumba za zamani kule Raskazone zenye ile AC ya darini, mashine moja inasambaza baridi vyumba vyote kwa mabomba, ndo hizo dakti, riviu hii ni yenu. Wenye spliti, zile za ukutani kila chumba na yake, endeleeni na sevisi zenu, haiwahusu sana.

Nyumba ni ya shangazi, mie ndo msimamizi. Kaskazi iliyopita grili ya sebuleni, ule wavu wa kutolea baridi, ilikuwa inapumua kwa mbaali, chumba cha mwisho hakuna kitu kabisa, uniti za LUKU zinayeyuka, halafu kwenye jipsamu kuna doa rangi ya chai linazidi kutanuka na mvua yenyewe hatujaiona. Nikaita kampuni moja, jina naliacha, kijana kaja kachungulia grili kwa tochi ya simu, ngazi hajapanda, kaandika kotesheni ya kung'oa dakti zote pamoja na mashine eti "zimeshaekspaya". Tanga waja leo waondoka leo, ila huyu alizidi, hata chai hakumaliza.

Ndo jirani akaniunganisha na fundi mmoja mtu mzima wa Ngamiani. Huyu salamu, viatu nje, moja kwa moja darini, na saa tano hiyo bati limeshawaka. Kakaa humo mpaka nikawa naita "mzee, uko salama?" Akashuka kalowa chapachapa, ananionyesha video: dakti laini, yaani bomba la kukunjika, ya kwenda chumba cha mwisho imening'inizwa kwa kamba ya nailoni mahali pamoja tu, imebonyea katikati, kamba imeikaba, na panya wametoboa ganda la nje wakatandika kiota ndani ya sufi ile ya kuzuia joto, vipande vya kanga ya shangazi vimo humo humo. Pale sufi ilipotoboka hewa ya joto yenye unyevu wa bahari inagusa bomba la baridi, linatoka jasho, jasho linadondokea jipsamu. Kumbe doa ndo hilo.

Halafu akamwomba shangazi kijiti cha udi. Bibi wa watu akacheka, kadhani kuna kitu kinataka kufukuzwa darini, fundi kawasha udi karudi nao juu, mashine ikiwa inafanya kazi akawa anaupitisha taratibu kwenye kila ungio, moshi ukirushwa pembeni anaweka alama ya chaki kwa sababu hapo baridi inavuja. Karibu maungio yote yalikuwa yamefungwa ile tepu ya kitambaa ya kijivu, imekauka imejikunja kama ganda la ndizi la juzi. Nilipoenda kusoma mtandaoni nikakuta maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani walishaijaribu tepu hiyo mwaka 1998 na kwenye dakti ndo ikafeli vibaya, na Energy Star, mpango wa serikali ya huko wa kubana matumizi ya nishati, wanasema nyumba ya kawaida kule hupoteza kama asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti kwa kuvuja. Sasa huku kwetu inavujia chini ya bati, yaani tulikuwa tunawapoza panya kwa hela ya shangazi.

Kazi aliyofanya: ile dakti ya panya kaitoa yote, maana sufi ikishalowa na kuota ukungu haisafishiki ikaeleweka, kaweka mpya kaivuta ikanyooka na kuishikilia kwa mikanda mipana kila mita moja na nusu hivi. Zile za bati za njia kuu kaziacha. Mie nilitaka azioshe kabisa, akasema "vumbi jembamba hilo halina shida mwanangu, usitupe hela", na kweli hata EPA, shirika la mazingira la Marekani, hawashauri kusafisha dakti kila mara, wanasema mpaka kuwe na ukungu, wadudu au panya, au uchafu wa kuziba. Maungio kapaka mastiki, yaani ile gundi nzito ya brashi, na kwingine tepu ya foili.

Kuhusu umri maelezo yake yalinikaa: dakti laini ukihesabu miaka 10 hadi 15 uanze kuikagua kwa karibu, bati ikikaa kavu inapita 20 vizuri tu, ila darini kwetu joto na panya havingoji kalenda. Filta kasema ioshwe kila mwezi, upepo ukizidi vumbi hata kabla.

Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile kotesheni, vifaa ndani yake. Chumba cha mwisho sasa usiku unatafuta shuka, doa halijaongezeka, uniti zimepungua, na hilo la uniti kaligundua shangazi mwenyewe bila kuambiwa.

Lawama zangu sasa. Kaahidi asubuhi kaja siku ya pili yake, simu hapokei. Makochi hakufunika, sufi ya zamani ikamwagika sebuleni nzima na ile inawasha balaa, tulijikuna mpaka usiku, kwa hiyo mkimwita tandikeni mashuka ya zamani kabla hajapanda na watoto watoke. Risiti hana, warantii ni ya mdomo, kama nyumba ni ya ofisi mtasumbuana na mhasibu.