Mama lishe wa Mabibo: kula pale pale, usifungiwe

Kama umepangiwa hosteli za Mabibo za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka huu, karibu na geti kuna kibanda cha mama lishe kilichoezekwa bati upande mmoja na turubai la bluu upande wa pili. Kula pale. Na usifungiwe chakula ukale chumbani, kaa kwenye benchi.

Wali maharage ni 1,500, ukiongeza dagaa au mchicha unafika 2,000. Maharage ni ya nazi, mazito, na kitunguu anakikaanga taratibu mpaka kinakuwa cha kahawia ndipo tui linaingia. Ugali ni wa dona. Samaki sipendekezi, mara nyingi amekaangwa tangu asubuhi na ameshakauka. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, na nauli ya daladala ya kupanda Mlimani, kampasi kuu tunakosoma, inatoka humo humo, kwa hiyo Mama anajua anampikia nani. Bumu, yaani hiyo posho, likichelewa kuna daftari la kukopa. Anaandika jina na namba ya chumba, na hakusemi mbele za watu.

Benchi ni moja, refu, na meza ni moja. Kule kwenye kumbi za mihadhara za Yombo tunasoma mamia kwa mamia, unaweza kumaliza muhula hujui jina la anayekaa kulia kwako. Hapa huwezi. Jagi la kunawia linapita mkono kwa mkono, pilipili iko mwisho wa meza, lazima uombe. Mimi nimetoka Sumbawanga, Dar sikuwa na ndugu wala rafiki. Wenzangu ninaojisomea nao kwenye vimbweta, zile meza na viti vya saruji vya nje pale chuoni, wote nimewapata hapa, akiwemo Mngoni wa uhandisi na Mhehe wa sheria ambao hawamalizi sahani bila kutaniana.

Siku moja Mama, huku anapakua, alituuliza: "Wanangu, yule mwenzenu wa Lindi, wa chai bila sukari, yuko wapi? Jana hakuja, leo pia sijamwona." Hakuna aliyekuwa na habari. Tulipanda chumbani kwake tukamkuta amejifunika blanketi mchana kweupe, anatetemeka. Tukamkimbiza kituo cha afya, kipimo kikaonyesha malaria. Jioni Mama akampelekea uji wa ulezi, na kwenye daftari hakuuandika.

Nampa nyota tano, licha ya samaki wake. Nimeshakula kwenye migahawa yenye viyoozi hapa mjini, na hakuna aliyewahi kuniulizia nisipoonekana.

Fika kabla ya saa saba mchana, maharage huwahi kuisha. Beba hela ndogo ndogo maana chenji ni shida, na mvua ikinyesha kaa upande wa bati, turubai linavuja. Jumapili hafungui.