Top Hat au Swing Time: uanze na ipi?

Zote mbili ni filamu za Fred Astaire na Ginger Rogers, waigizaji na wacheza dansi wa Hollywood, zote za studio ya RKO, na zimepishana mwaka mmoja tu: Top Hat ya 1935, Swing Time ya 1936.

Ukitaka kucheka, anza na Top Hat. Kisa chake ni cha kumdhania mtu siye: mwanamke anaamini anayemtongoza ni mume wa rafiki yake, basi vurugu zote zinatokea hapo. Usiku, hotelini London, Astaire anacheza kwa vishindo. Rogers, chumba cha chini, hapati usingizi, anapanda kulalamika. Akisharudi kitandani, Astaire anamwaga mchanga sakafuni na kuburuza viatu taratibu mpaka usingizi umchukue yule bibie. Nyimbo ni za Irving Berlin.

Swing Time hadithi yake inalegalega, tena ina doa kubwa: Astaire anajipaka rangi nyeusi usoni kumwigiza mtu mweusi. Inaumiza kuitazama, na mapenzi yangu kwa filamu hii hayalifuti.

Lakini kwa dansi haina mpinzani. Kuna wimbo wa Jerome Kern na Dorothy Fields, ulioshinda Oscar: Astaire anaimba kwenye piano, Rogers anaosha nywele chumba cha pili, anavutwa na sauti na kutoka povu likiwa kichwani, amejisahau kabisa. Halafu ile dansi ya kuagana, inayopanda hadi juu ya ngazi. Walirudia mara nyingi mno hadi miguu ya Rogers ikatoka damu. Ukitazama huoni maumivu hayo, unaona watu wawili wasiotaka kuachana. Mimi nachagua hii.