Meko nzuri, fundi wake msiniletee tena

Nilikusudia kuisifu tu meko hii ya kuni ya kiwandani, ile inayokuja imekamilika ikachomekwa ukutani. Jioni ya kwanza moto ulipokolea nilikaa mbele yake kama mtoto. Ningeishia hapo, lau nisingepanda darini.

Nilifuata sanduku la nguo, nikapokewa na harufu ya mbao zilizokaushwa kupita kiasi. Kumulika tochi, naliona bomba la moshi limevishwa sufi ya kioo, ile ya kuzuia joto lisitoke nyumbani, toka chini hadi linapotokea paani, utadhani lina homa! Kijitabu kilichokuja na meko kimeandika, tena kwa mchoro, kwamba kati ya bomba hili na mbao ibaki nafasi ya sentimita 5. Tupu. Ukiishindilia sufi, joto linakosa pa kutokea, linaziingia mbao. Nazo mbao zikiokwa taratibu mwaka hata mwaka hulegea, siku moja zikashika moto kwa joto ambalo mwanzoni zisingelijali.

Nikampigia fundi. "Dada, nilianza kazi hii wewe uko shule. Sufi haiungui." Nani kasema inaungua? Nikamwomba arudi, kijitabu nitamshikia mimi. Akacheka. Akasema vijitabu ni vya wasiojua kazi. Wallahi kicheko kile nikikikumbuka hadi leo damu inanichemka.

Alirudi baada ya wiki mbili, au tatu, amenuna utafikiri mimi ndiye niliyemkosea. Sufi ikatoka. Kumbe na lile bati la kuziba tundu la dari pale bomba linapopenya, lile la kuuzuia moto usipande juu, hakuliweka. Lilikuwa bado kwenye boksi. Nikamuuliza, akajibu: "Hilo lilizidi." Lilizidi! Kiwanda kikuwekee bati la bure kwa mapenzi?

Nyota moja. Ingawa meko yenyewe haina kosa, moshi inauvuta vizuri na chumba kinapata joto upesi, kwa hiyo haki yake ni nne. Lakini duka lililoniuzia ndilo lililonipa fundi huyu na kuniapia kwamba ni bingwa, basi nazichukua tatu. Au mbili, sijui.

Jana nimewasha tena. Nimepanda darini mara tatu kuzigusa mbao kwa kiganja.