Uzoefu wangu na DNS ya 1.1.1.3 kwenye ruta ya nyumbani, Unguja

Kwa nyumba yenye watoto wa skuli naipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti kwamba iwekwe ndani ya ruta, si kwenye simu moja moja. Seva hii ya DNS, yaani ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu, ni ya kampuni ya Cloudflare, ilitoka mwaka 2020, haina malipo, na huzuia tovuti za virusi pamoja na za ngono. Mwenzake 1.1.1.2 huzuia virusi tu. Ile ya 1.1.1.1, ya mwaka 2018, haichuji chochote.

Anayetaka kasi ya kupakua iongezeke asijisumbue. DNS hutafuta anwani ya tovuti, basi. Video ikishaanza kuja, kazi yake imekwisha. Tofauti niliyoiona hapa Mjini ni kurasa kuanza kufunguka bila ya kuzungukazunguka, hasa usiku, kwa sababu seva ya kampuni inayonipa laini huchelewa kujibu saa hizo. Kuta nene za Mji Mkongwe zikikukatia WiFi, hilo ni jambo jengine kabisa.

Fungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari (ruta nyengine ni 192.168.1.1, tazama kibandiko cha chini yake), ingia kwa paswedi ya msimamizi, nenda sehemu ya DHCP (ndiyo inayovigawia vifaa anwani zao). DNS ya kwanza andika 1.1.1.3, ya pili 1.0.0.3. Nafasi ya pili ndiyo wengi wanayoiharibu: hutia 8.8.8.8 ya Google, eti iwe akiba. Kifaa hakingoji ya kwanza ife ndipo kiiulize ya pili, chaweza kuiuliza wakati wowote, na hiyo ya Google haizuii tovuti hizo. Hapo umejenga ukuta ukauacha mlango wazi.

IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, nayo huvujisha vivyo hivyo. Laini ikiwa nayo, vifaa hupewa DNS ya kampuni kwa njia hiyo na ulichoandika hakitumiki. Kwenye nafasi za DNS za IPv6 jaza 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003. Ruta isipokuwa na nafasi hizo, izime IPv6.

Hifadhi, kisha kila kifaa kikate WiFi na kuungana upya, la sivyo kitabaki na anwani za zamani. Kwenye Windows fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutike. Kujaribu, andika hapo hapo nslookup malware.testcategory.com. Jibu likiwa 0.0.0.0, kichujio kinafanya kazi. Angalia pia mipangilio ya faragha ya Chrome na Firefox, maana vivinjari hivi huweza kutumia DNS yao wenyewe na kuipita ruta.

Ruta nyingi za laini ya simu zimeficha sehemu ya DNS, na hapo hakuna la kufanya ila kwenye simu zenyewe. Android 9 na kuendelea ina DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao: andika family.cloudflare-dns.com, kwani tarakimu haizikubali. Uzuri wake, huifuata simu hata ikiwa kwenye bando, mahali ambapo ruta haifiki. Ubaya wake ni WiFi za hoteli za Nungwi au Paje zenye ukurasa wa kuingilia: ukurasa huweza kukataa kutokea mpaka hiyo DNS ya faragha uirudishe kwenye otomatiki. Na kijana aliyeweka VPN, programu inayopitisha mtandao wake kwa seva nyengine, yeye hupita juu ya yote haya.