Fundi wa AC kule Amani, kazi safi ila hachungi muda
Jamani joto hili la Unguja na gari yangu IST kuukuu, AC ilikuwa inapuliza kama pumzi ya mgonjwa, mafundi wawili kabla washanijaza gesi wakala pesa, wiki haipiti niko palepale. Huyu wa Amani hakukimbilia gesi, kaanza na filta iliyo nyuma ya droo ya dashibodi, kaitoa imejaa vumbi na manyoya ya paka (mie sina paka!), halafu akatafuta panapovuja maana gesi ya AC haiishi kama petroli, ikipungua ujue inatoka mahali. Kumbe oringi tu, kile kipete cha mpira cha kuziba maungio, imekauka. Sasa mke wangu anaomba nipunguze baridi. Ila fundi kaniambia ni kazi ya saa moja tu, nimeondoka magharibi inaadhiniwa.