TAHADHARI: Snea "zilizofanyiwa sevisi" zinazouzwa zimelowa mafuta

Wapiga dramu, kuweni macho na wauzaji wa snea (dramu ndogo yenye nyaya chini) zilizotumika wenye mchezo huu. Wanachukua snea iliyoota kutu, wanaipulizia spreyi ya WD-40 kila kona, wanafuta kromu mpaka inang'aa, kisha wanaitangaza kuwa imefanyiwa sevisi. Kwenye video wanazungusha rodi (skrubu ndefu za kukazia ngozi) kwa kidole ili uone ilivyo laini. Rodi isiyobeba mzigo huzunguka vizuri hata kama hesi zake (mifereji ya skrubu) zimeliwa. Pesa za watu zinapotelea hapo.

Spreyi ile ni ya kufukuza maji na kulegeza kutu. Sehemu yake kubwa ni kiyeyusho kinachoruka hewani, na kabla ya kuruka kinaosha hata grisi iliyokuwepo, kwa hiyo baada ya muda rodi inaanza kukwaruza tena. Kwa snea ya mbao hasara ni kubwa zaidi: mafuta hupenya kwenye matundu ya skrubu za lagi (vishikizo vya pembeni ambamo rodi hukazwa) na kunywewa na mbao. Toa ngozi ya chini, mulika ndani. Ukiona madoa meusi yameteremka kutoka kwenye skrubu, au ukingo unaokaliwa na ngozi umelowa, achana nayo. Mbao ikishanyonya mafuta, kuyatoa ni kazi ngumu mno.

Snea ya inchi 14 yenye lagi 10 kwa kawaida ina rodi 20, juu na chini. Muuzaji atakuonyesha mbili tatu za juu, wewe dai zote. Ifungue moja moja, uifute kwa kitambaa cheupe. Kikitoka rangi ya kahawia, hiyo ni kutu. Kikitoka na vumbi la manjano linalometa, nati ya brasi ndani ya lagi inasagika, na hilo ndilo baya. Kisha irudishe kwa vidole: iingie bila kulazimishwa na isichezecheze pembeni. Mwisho kaza kwa ufunguo hadi ngozi iwe na mvutano wa kupigwa. Rodi inayokaza, halafu ghafla inaruka na kulegea, hesi zake zimekufa. Mafuta hayazirudishi.

Angalieni pia rodi za kuokoteza. Dramu nyingi hutumia rodi ya unene wa takriban milimita 5.5, yenye hesi 24 kwa inchi. Nyingine, kama Sonor nyingi za zamani, hutumia M6 (unene wa milimita 6). Rodi nyembamba ikitiwa kwenye nati ya M6 inaingia kirahisi, lakini haishiki, na ukikaza inakula hesi za nati.

Strena (kifaa cha pembeni cha kukaza na kulegeza nyaya za chini) nayo hupuliziwa ili mkono wake ushuke laini. Shida ni kwamba mafuta yakifika kwenye utepe au kamba inayoshika nyaya, inateleza kwenye kibanio na nyaya zinalegea ukiwa unapiga. Nyaya zenyewe hazihitaji mafuta kabisa, yanakusanya vumbi tu.

Sevisi ya kweli haina siri. Rodi husuguliwa kwa mswaki mkavu na kufutwa, halafu hupakwa grisi nyeupe ya lithiamu, au mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya mchele kwenye hesi za mwisho, na kidogo sana chini ya kichwa, kwenye washa (pete bapa ya rodi). Grisi ikizidi hukamata uchafu, na rodi zilizo karibu na unapopigia rimshoti (pigo la ngozi na ukingo kwa pamoja) hujifungua zenyewe. Kwa hiyo snea inayochuruzika mafuta haijahudumiwa, hata muuzaji akiapa.

Kama umeshainunua, hifadhi tangazo, video na meseji zote kabla muuzaji hajazifuta, na umdai akiwa bado anapatikana. Rodi iliyoganda usiilazimishe, maana lagi nyingi ni za zinki ya kumimina na hupasuka. Toa ngozi ikiwezekana, dondoshea tone moja la mafuta ya kulegeza kutu mdomoni mwa lagi, uiache usiku kucha, kisha kaza kidogo ndipo ufungue. Na kabla ya kununua lagi mpya, chungulia nati: baadhi ya lagi zina nati inayochomoka, ukabadilisha hiyo peke yake.